Bahari Inayopokezwa

Mshairi wa pwani huijua bahari mara mbili. Huijua kwanza kwa mguu na kwa mkono, maji yanapojaa na yanapokupwa. Kisha huijua kwa istilahi, kwani elimu ya ushairi wa Kiswahili ina maneno yanayogongana na ya baharini na ya sokoni. Bahari ni aina ya shairi. Kina ni ulingano wa sauti mwishoni mwa kipande cha mshororo. Kina pia ni umbali wa kushuka mpaka nanga ishike. Mizani ni hesabu ya silabi, na ndiyo hiyo hiyo mizani ya kupimia bizari dukani. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wake kuwa shairi limepungua mizani anamwambia, kwa ufupi, kwamba pande mbili hazikulingana.

Hata hivyo, ndani ya mashairi yenyewe bahari haipimwi. Aghalabu huletwa iwe mfano wa kitu kisicho mwisho: elimu ni bahari, mapenzi ni bahari, rehema ni bahari. Mithali nayo husema kuwa bahari iliko ndiko mito iendako, na wengi wameielewa hivi: kila kitu huishia baharini, nayo haijai wala hailalamiki. Sitiari hiyo ni kongwe na imevitumikia vizazi vingi kwa uaminifu. Swali linalowahusu wapenzi wa ushairi leo ni kama ingali na uhai. Sitiari hailazimiki kuwa kweli kwa kipimo cha maabara. Lakini inapokuwa kinyume kabisa cha mambo yalivyo, msomaji huanza kuisikia kama salamu inayotolewa kwa mtu aliyekwisha kuondoka.

Sehemu ya jibu imo katika maandishi ambayo wasomaji wa mashairi hawana desturi ya kuyafungua. Mwaka 1957 jarida la Tellus la Sweden lilichapisha makala ya Roger Revelle, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Scripps ya elimu ya bahari huko California, na Hans Suess, mwanakemia mzaliwa wa Vienna. Anwani yake ndefu inataja mabadilishano ya hewa ukaa baina ya anga na bahari, kisha inauliza kama hewa hiyo imeongezeka angani katika miongo iliyotangulia. Makala hayo husomwa na wanasayansi kama hati ya msingi. Yanastahili kusomwa pia kama andiko, yaani kwa kuangaliwa fani na maudhui yake, sauti yake, na mahali ambapo sauti hiyo inavunjika.

Hoja yake ya mwanzo ni nyepesi kueleza. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vimechoma makaa ya mawe na mafuta kwa muda wa karne moja na zaidi. Hewa ukaa iliyotoka humo ilikwenda wapi? Guy Callendar, mhandisi wa Kiingereza, alikuwa amekwisha kudai tangu mwaka 1938 kwamba inarundikana angani, lakini wataalamu wengi walimjibu kwa jibu lile lile la mithali: bahari itaichukua. Suess alileta shahidi asiyetarajiwa, nao ni mti. Makaa na mafuta ni ya kale mno, hata kaboni yake ya aina ya mionzi imekwisha kabisa. Kwa hiyo moshi wake hupunguza kiasi cha kaboni ya mionzi iliyomo hewani, na mti unaoivuta hewa hiyo huiweka kumbukumbu katika mbao zake. Suess alipoupima upungufu huo aliukuta ni mdogo. Wakahitimisha kuwa sehemu kubwa ya moshi imekwisha kuingia majini, na kwamba chembe moja ya hewa ukaa hukaa angani kwa wastani wa takriban miaka 10 kabla ya kuzama.

Mpaka hapo makala yanasema kwa sauti moja, sauti tulivu ya kadhi anayesoma hukumu. Bahari inapokea, anga imepona. Kisha inakuja aya fupi ambayo haifanani na ndugu zake. Mwanahistoria Spencer Weart, aliyefuatilia namna makala hayo yalivyoandikwa, ameonyesha kuwa aya hiyo iliongezwa mwishoni, kazi ikiwa karibu kupelekwa kwa mhariri. Revelle alikuwa ametambua kwamba kuingia majini si sawa na kukaa majini. Hewa ukaa inapoyeyuka baharini hukutana na kaboneti, kitu kile kile ambacho kombe na matumbawe hujengea maganda na mifupa yao, na vyote viwili pamoja na maji hugeuka kuwa bikaboneti. Kila bahari inapopokea, akiba yake ya kupokelea hupungua, na sehemu ya kilichoingia hurudi angani. Leo kipimo cha ukaidi huo huitwa kwa jina la Revelle. Katika maji ya juu ya bahari, hewa ukaa iliyomo angani ikiongezeka kwa asilimia 10, kaboni iliyomo majini huongezeka kwa takriban asilimia 1 tu.

Mhakiki wa fasihi ataona hapa jambo ambalo wanasayansi wana haki ya kulipita. Aya ya nyongeza inayakanusha makala yaliyoibeba. Waandishi hawakurudi nyuma kuzirekebisha kurasa za mwanzo, na hesabu yao ya miaka ya mbele ilibaki ya upole kwa sababu waliikadiria kama kwamba uchomaji utaendelea kwa kiasi kile kile cha siku zao. Ni kama shairi ambalo mtunzi amelibadilisha kituo usiku wa mwisho, akaziacha beti zote zikisema neno la zamani. Si ajabu kwamba wasomaji wengi wa wakati ule walizisikia beti, wasikisikie kituo. Ilibidi Bert Bolin na Erik Eriksson wa Stockholm waandike upya jambo hilo mwaka 1959, kwa uwazi, wakiikubali pia kasi ya viwanda inayokua, ndipo wataalamu wakaelewa kuwa bahari imesema la.

Makala ya mwaka 1957 hukumbukwa zaidi kwa wazo moja, kwamba wanadamu wanafanya jaribio kubwa la kisayansi juu ya dunia yao, jaribio ambalo halikuwezekana zamani na halitarudiwa. Wanaolitaja leo hulitaja kwa sauti ya onyo. Katika makala yenyewe sauti hiyo haimo. Kilichomo ni hamu ya mtu wa elimu aliyebahatika kuishi wakati wa tukio adimu na anayetaka lisipite bila ya kuandikwa. Hilo si kosa la adabu, lakini ni upungufu wa taswira. Neno jaribio humweka msemaji nje ya chupa, akitazama. Mvuvi, matumbawe na mkazi wa kisiwa wamo ndani ya chupa.

Hoja iliyoandikwa mezani ilihitaji shahidi wa majini, na shahidi huyo alipatikana katika meli. Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957 na kumalizika Desemba 1958, ulitoa fedha na vyombo. Kijana wa Kijapani, Taro Takahashi, aliingia katika meli ya Vema ya taasisi ya Lamont ya Marekani, chombo kilichojengwa mwaka 1923 kwa starehe ya tajiri, akaanza kuipima Atlantiki. Upande wa Scripps, Charles David Keeling alipeleka vyombo vyake melini, na mnamo Machi 1958 akaanza vipimo vyake mashuhuri juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii. Alipoanza, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Siku hizi imepita 420.

Namna ya kupima melini ina usahili unaompendeza msomaji wa mashairi. Pampu huyavuta maji ya bahari karibu na omo, mbali na uchafu wa meli, na kuyanyunyiza ndani ya chombo kilichofunikwa, mithili ya maji ya bomba la kuogea. Hewa iliyofungiwa humo hupeana na maji hayo, huku ikichukua na kutoa, mpaka pande mbili zinalingana. Hapo hewa hiyo hukaushwa na kupitishwa mbele ya mwanga usioonekana kwa macho, ambao hewa ukaa huuzuia kwa kadiri ya wingi wake. Baadaye huletwa hewa ya nje, iliyovutwa kutoka mlingotini, nayo ikapimwa vivyo hivyo. Kila baada ya saa chache mitungi ya gesi yenye kiasi kinachojulikana hufunguliwa ili chombo chenyewe kihojiwe kama kingali mkweli. Hewa ya maji ikizidi ya mlingotini, bahari inatoa. Ikipungua, bahari inapokea. Mizani ya dukani haifanyi zaidi ya hayo.

Lakini usahili huo unalindwa kwa uangalifu mkubwa, na ni katika uangalifu huo kwamba maandishi ya mabaharia hawa huwa na maana ya kiadili. Maji yakipata joto ndani ya mabomba, nyuzi moja tu ya Selsiasi hupandisha kipimo kwa takriban asilimia 4. Kwa hiyo ni lazima joto lipimwe pale maji yanapoingilia na tena pale yanapopimiwa. Upepo ukivuma kutoka tezi, moshi wa dohani huufikia mlingoti na kipimo cha hewa huharibika. Kurasa hizo hutupwa. Chombo kilichotumwa kuuchunguza moshi wa dunia kina moshi wake chenyewe, na mpimaji mwaminifu huanza kwa kuukiri. Hakuna ushahidi uliosafiri katika kesi hii ambao haukuchoma mafuta ili ufike mahakamani.

Tofauti ya pande mbili huonyesha njia tu. Mwendo huamuliwa na upepo. Bahari iliyotulia hubadilishana polepole, na bahari iliyochafuka hubadilishana kwa haraka. Mwaka 1992 Rik Wanninkhof alipendekeza kanuni iliyotumiwa sana, kwamba kasi hiyo hukua kwa mraba wa mwendo wa upepo. Wengine baadaye walidai kuwa kwa upepo mkali hukua zaidi ya hapo. Ili kulitatua shauri hilo, msafara wa mwaka 1998 katika Atlantiki ya Kaskazini, kwa meli ya Ronald H. Brown, ulifunga vyombo mlingotini vilivyosoma upepo na hewa ukaa mara nyingi katika kila sekunde moja, ili kuifuatilia hewa yenyewe ikishuka na kupanda. Ikabidi mrama wa meli nao upimwe na kuondolewa katika hesabu, maana mlingoti unaoyumba huona upepo usiokuwepo. Huo ni mfano mwema kwa kila mhakiki: kwanza toa mrama wako, ndipo useme upepo ulivyo.

Kutokana na kazi hiyo ya miongo mingi limepatikana jambo moja ambalo sitiari ya bahari isiyojaa haiwezi kulibeba. Kila mwaka takriban tani bilioni 80 za kaboni hutoka angani na kuingia baharini, na kiasi kinachokaribiana na hicho hutoka baharini na kurudi angani. Kinachobaki majini, ile ziada ambayo ni robo hivi ya hewa ukaa wanayoitoa wanadamu, kimekuwa takriban tani bilioni 3 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Mambo makubwa yote yamo katika tofauti hiyo ndogo. Ili kuikamata, Takahashi na wenziwe walikusanya vipimo kutoka meli za mataifa mengi, na ramani yao ya mwaka 2009 ilijengwa juu ya vipimo takriban milioni 3. Hazina nyingine ya kimataifa, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2011 ikiwa na vipimo zaidi ya milioni 6, sasa imepita milioni 30. Takahashi alifariki mwaka 2019, baada ya miaka zaidi ya 60 katika kazi moja.

Katika kumbukumbu za misafara hiyo kuna jina ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kulipita bila ya kusimama. Mwaka 1962 na 1963 meli ya Argo ya Scripps ilisafiri katika Bahari ya Hindi, ndani ya mradi mkubwa wa kimataifa wa kuichunguza bahari hii, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa ni kupima hewa ukaa katika maji ya juu. Matokeo yalichapishwa na Keeling na Lee Waterman mwaka 1968. Msafara huo uliitwa Lusiad, jina la utendi mrefu wa Mreno Luís de Camões uliochapishwa mwaka 1572, unaomtukuza Vasco da Gama. Katika utendi huo Mombasa ni mji wa hila na Malindi ni mji wa ukarimu, na hukumu zote mbili zimetolewa na mpita njia kwa kadiri alivyopokewa.

Bila shaka waliochagua jina hilo walikusudia heshima kwa wasafiri wa kale. Lakini jina ni maudhui. Utendi wa Camões huitazama bahari hii kama njia ya kwendea India na kama uwanja wa ushujaa. Wenyeji wake huingia pale tu wanapomsaidia au kumzuia shujaa. Rubani aliyepatikana Malindi mwezi Aprili mwaka 1498, aliyejua kuwa kusi inaanza na kwamba sasa ndio wakati wa kuvuka, alikuwa na elimu ambayo msafara mzima ulikuwa unaitegemea. Ndani ya utendi sifa humwendea nahodha, na msaada humwendea Zuhura, mungu wa kike wa Warumi. Meli ya mwaka 1962 ilibeba jina hilo, lakini katika jambo moja ilimzidi mtunzi wa utendi: ilikuja kuuliza. Haikuiambia bahari ilivyo. Iliyavuta maji yake, ikangoja pande mbili zilingane, ikaandika.

Na hapa elimu ya rubani na elimu ya meli zinakutana, kwa sababu upepo ni ule ule. Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Juni mpaka Septemba, huyasukuma maji ya juu mbali na ukingo wa Somalia, na mahali pake hupanda maji ya baridi kutoka kilindini. Maji hayo yana rutuba ya kulisha samaki, na yana pia kaboni nyingi iliyokusanyika huko chini kwa muda mrefu. Yakifika juu na kupashwa joto huiachia hewa ukaa. Vipimo vya melini vya mwaka 1995, vilivyochapishwa mwaka 1997, vilionyesha Bahari ya Arabuni ikitoa hewa hiyo kwa wingi wakati wa kusi. Mshairi wa Lamu au wa Pemba, anayejua kuwa kusi huja na mawimbi, baridi na vyombo kufungwa bandarini, hakuambiwa kuwa kaskazini yake kidogo upepo huo huo unafungua kifuniko cha kilindi. Huko bahari haimezi. Inatoa.

Jambo hilo lingejulikana vizuri zaidi kama bahari hii ingesikilizwa zaidi. Bahari ya Hindi ni miongoni mwa bahari zilizopimwa kwa uchache, na upande wake wa magharibi ulipungukiwa zaidi pale uharamia wa nje ya Somalia, mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulipozifanya meli za utafiti ziyakwepe maji hayo. Ramani ya dunia haiwezi kubaki na tundu. Penye tundu hujazwa kwa kukisia, kwa kufuata mwenendo wa maji ya jirani au yanayofanana nayo. Ni hali ambayo fasihi ya pwani inaijua sana. Mahali ambapo mwenyewe hakuandika, huandikiwa, na mwandishi wa mbali hujaza kwa anachokijua cha kwao.

Ndiyo maana lugha itakayotumiwa kulieleza jambo hili kwa Kiswahili si shauri dogo. Wataalamu wanaoandika kwa Kiingereza huiita bahari, kwa kazi yake hii, kwa neno lile lile wanaloliitia beseni la jikoni lenye tundu la kupitishia maji machafu. Ni sitiari mbaya, kwani hupendekeza kuwa kinachoingia kimekwisha, kimekwenda kusikojulikana. Tafsiri za Kiswahili zimelikwepa beseni, lakini zimeangukia kwenye kitenzi: husema bahari hufyonza hewa ukaa, au huimeza. Mwenye kufyonza anataka. Mwenye kumeza ana njaa. Vitenzi vyote viwili humfanya anayechoma aonekane kama mtu anayemlisha jirani yake chakula alichokiomba.

Wengine wameleta tashihisi ya pumzi, wakaiita bahari pafu la dunia. Hiyo ni bora kidogo, maana pumzi huingia na kutoka, na ina nyakati zake kama bahari ilivyo na kusi na kaskazi. Lakini kifua hakibadiliki kwa kupumua, na bahari inabadilika. Tangu enzi ya viwanda kuanza, kipimo cha uasidi wa maji ya juu kimeshuka kwa takriban 0.1. Tarakimu hiyo ni ndogo kwa macho tu. Kwa namna kipimo hicho kilivyojengwa, maana yake ni kwamba chembe zinazoleta uasidi zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Maji ya bahari bado si asidi, ila yanasogea upande huo, na kadiri yanavyosogea ndivyo kaboneti inavyopungua kwa matumbawe na kombe wanaoihitaji.

Kiswahili kinacho chake cha kutoa, tena kipo katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Kupokea ni tendo la mwenye mkono wazi. Kupokezana ni tendo la wawili, kila mmoja akitoa na akipewa. Hiyo ndiyo tafsiri ya haki ya mabadilishano ya anga na bahari kama yalivyokuwa kwa karne nyingi, yakilingana kwa karibu sana. Kupokezwa ni kitu kingine. Anayepokezwa hakunyoosha mkono. Yupo aliyemtia kitu mkononi. Bahari ya leo ingali inapokezana na anga zile tani bilioni 80, na juu yake inapokezwa tani bilioni 3. Viambishi viwili hivyo, -an- na -w-, vinasema kwa silabi chache jambo ambalo makala ya mwaka 1957 yalishindwa kulipatanisha baina ya kurasa zake na aya yake ya nyongeza. Kisha msemaji wa Kiswahili analazimika kuuliza swali ambalo kitenzi kufyonza hulizima: imepokezwa na nani?

Hakuna anayewataka washairi watunge beti za tarakimu. Shairi si taarifa ya meli, na mizani yake haitegemei mitungi ya gesi. Linalotakiwa ni kwamba anayeitaja bahari ajue anayoitaja. Mtunzi wa pwani hana haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano, maana anaishi ndani yake. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Tanuu la chokaa huifukuza hewa ukaa kutoka katika jiwe. Kisha ukuta, polepole na kwa miaka mingi, huivuta tena kutoka hewani na kuwa mgumu. Wazee waliojenga kuta hizo hawakuijua kemia yake, lakini walijua kuwa chokaa haiharakishwi. Bahari nayo haiharakishwi. Inaweza kuyeyusha sehemu kubwa ya moshi wa karne hizi, ila kwa muda wa maelfu ya miaka, kwa kadiri kilindi kinavyochanganyika na juu, si kwa muda wa ripoti ya mwaka wala wa umri wa mtu.

Hivyo mithali ya mito na bahari haina haja ya kutupwa. Inahitaji kusomwa upya, kama makala ya Revelle na Suess yalivyohitaji kusomwa mpaka kituo. Bahari iliko ndiko mito iendako: maneno hayo yanataja njia ya mito tu. Hayakusema kuwa bahari haijai, wala kuwa haigeuki, wala kuwa hairudishi. Hayo yaliongezwa na wasomaji, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu yaliwastarehesha. Meli zilizoyavuta maji na kuyangoja yalingane zimeiondoa nyongeza hiyo, na zimeiacha mithali mikononi mwa wenyewe ikiwa nzima.